Jaribio Gani la Takwimu? Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Saikolojia Anayeandika Tasnifu

Sura za nne za tasnifu za saikolojia, yaani zile za matokeo, hurudishwa kwa sababu zilezile. Wastani wa jinsia umeripotiwa kuwa 1.54. Kai-mraba, jaribio la kuhesabu watu walioangukia kila kundi, imetumika kila mahali, hata penye alama kamili. R ya Pearson, kipimo cha uhusiano kati ya namba, imekokotolewa kwa umri uliokusanywa kwa mafungu. Watu waliopimwa mara mbili wamechambuliwa kana kwamba ni makundi mawili ya watu wasiojuana.

Makosa hayo manne yana mzizi mmoja: data ilikusanywa kwanza, ndipo jaribio likaanza kutafutwa. Kufikia hapo swali la hojaji limekwisha kuamua, na hakuna programu itakayoligeuza.

Mifano ya namba humu ni ya kubuni, imeundwa ili hesabu ionekane wazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Malengo au nadharia tete zako, kila moja kwenye mstari wake.
- Hojaji nzima jinsi mhojiwa atakavyoiona, pamoja na majibu yote anayoweza kuchagua.
- Maelekezo rasmi ya kutoa alama kwa kila kipimo ulichoazima, kama vile PHQ-9 (sonona), GAD-7 (wasiwasi) au PSS-10 (msongo wa mawazo). Hojaji bila maelekezo hayo haitoshi.
- Lahajedwali tupu yenye safu sita. Tutaliita jedwali la vigeu.
- Programu ya uchambuzi. Jamovi na JASP ni za bure, R pia ni ya bure kwa anayependa kuandika amri, na SPSS ipo kwa aliye na leseni ya chuo. Huhitaji nakala ya magendo iliyopitishwa kwenye flashi; jamovi inafanya karibu kila jaribio lililotajwa hapa.
- G*Power, nayo ya bure, kwa ajili ya ukubwa wa sampuli.

Hatua ya 1 hadi ya 6 zikamilike kabla ya pendekezo kwenda kwa kamati ya maadili na kabla ya kuomba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya. Hojaji ikishapitishwa, kubadilisha hata swali la umri ni kurudi kwenye foleni ya kamati.

## Hatua ya 1: Vunja kila lengo liwe vigeu

Chukua lengo moja: "Kuchunguza uhusiano kati ya muda wa safari ya kwenda chuoni na msongo wa mawazo miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu jijini Nairobi." Vigeu ni viwili: muda wa safari na msongo wa mawazo. Kila kimoja kiingie kwenye mstari wake wa jedwali.

Safu sita ni hizi: jina la kigeu, swali linavyosomeka neno kwa neno, majibu yanayowezekana, ngazi ya upimaji, kazi ya kigeu (huru, yaani kinachodhaniwa kuathiri, au tegemezi, yaani kinachoathiriwa), na kama watu ni walewale au ni tofauti. Safu ya nne iache wazi kwa sasa.

Lengo lisilotoa kigeu, kwa mfano "kupendekeza njia za kupunguza msongo", halina jaribio la takwimu. Ni pendekezo, na mahali pake ni sura ya tano. Usilihangaikie.

Utajua umefaulu ikiwa mwenzako asiyejua mada yako anaweza kusoma jedwali na kueleza ni nini hasa kitakachoandikwa kwenye kila safu ya data.

## Hatua ya 2: Tambua ngazi ya upimaji kwa kulitazama swali

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa hutazama namba zilizo kwenye faili. Namba hazisemi lolote kuhusu ngazi. Swali lilivyoulizwa na jibu lilivyotolewa ndivyo vinavyoamua.

Pitia maswali haya kwa mpangilio, na uishie pale jibu linapokuwa "ndiyo" kwa mara ya mwisho.

Je, majibu yanatofautiana? Kama yanatofautiana kwa aina tu, hiyo ni ngazi ya majina. Jinsia, kozi, dini, mtaa unaoishi, umewahi kumwona mshauri nasaha au la. Matatu namba 111 inaenda Ngong na namba 46 inaenda Kawangware. Hakuna anayedhani ya kwanza imeizidi ya pili kwa 65. Ukimpa mwanamke 1 na mwanamume 2, namba hizo ni za aina hiyohiyo.

Je, yana juu na chini? Kama yana mpangilio lakini huwezi kuthibitisha kuwa mapengo ni sawa, ni ngazi ya mpangilio. Gredi ya KCSE ni mfano ulio karibu: A ina pointi 12, E ina 1, na kila hatua katikati imepewa pointi moja. Lakini kwamba pengo la maarifa kati ya C+ na B- ni sawa na lile la A- na A, hilo hakuna aliyelipima. "Sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa" ni ngazi hii pia, na vivyo hivyo mafungu ya umri na ya mapato.

Je, mapengo ni sawa? Basi ni ngazi ya vipindi sawa. Joto kwa selsiasi liko hapa: nyuzi 10 hadi 15 ni sawa na 20 hadi 25, ila sifuri haimaanishi kwamba joto halipo.

Je, sifuri inamaanisha hakuna kabisa? Basi ni ngazi ya uwiano. Dakika za safari, umri kwa miaka, idadi ya vikao vya ushauri, milisekunde za kuitikia kichocheo kwenye skrini.

Tofauti kati ya ngazi mbili za mwisho isikukeshe. Majaribio yake karibu yote ni yaleyale, na SPSS yenyewe huziweka chini ya jina moja. Inapouma ni kwenye sentensi unazoandika: mwenye dakika 60 anasafiri mara mbili ya mwenye 30, lakini mwenye alama 20 za PHQ-9 hana sonona mara mbili ya mwenye 10.

### Kwa nini ngazi inaamua jaribio

Sababu hii isomwe polepole, maana anayeielewa hahitaji kukariri jedwali lolote.

Chukua watu watatu wa kundi A waliojibu kauli moja kwa 3, 3, 3, na watatu wa kundi B waliojibu 1, 2, 5. Wastani wa A ni 3 na wa B ni 2.67. A inaongoza.

Sasa badilisha namba ya "nakubali kabisa" kutoka 5 iwe 10. Una haki ya kufanya hivyo, kwani mpangilio haujavurugika: 10 bado iko juu ya 4. Wastani wa B unakuwa 4.33, na ghafla B inaongoza. Hakuna mhojiwa aliyebadilisha jibu. Hitimisho limegeuka kwa sababu ya namba uliyoichagua wewe ukiwa mezani.

Thamani ya kati haikusogea: A ni 3, B ni 2, kabla na baada. Majaribio yanayotumia nafasi za watu kwenye foleni, kama Mann-Whitney na rho ya Spearman, hayayumbishwi na mabadiliko ya namna hii. Yanayotumia wastani, kama jaribio la t, ANOVA na r ya Pearson, huyumba. Kwenye ngazi ya majina hata foleni haipo, kwa hiyo kilichobaki ni kuhesabu watu wangapi wameangukia wapi, nayo ndiyo kazi ya kai-mraba.

## Hatua ya 3: Amua ni alama ipi ya kipimo itakayoingia kwenye jaribio

Kipimo kimoja kinaweza kukupa ngazi tatu tofauti. Tazama PHQ-9, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ipo na matumizi yake hayalipiwi.

Ina maswali 9, kila moja likiwa na 0 hadi 3. Swali moja peke yake ni ngazi ya mpangilio. Jumla ya yote tisa, 0 hadi 27, kwa desturi ya watafiti huchukuliwa kama vipindi sawa. Jumla hiyo ikikatwa kwa viwango (0–4 kidogo sana, 5–9 kidogo, 10–14 kadiri, 15–19 kadiri hadi kali, 20–27 kali) inarudi kuwa mpangilio. Na ukiwagawa watu kwa mpaka wa 10 tu, umebaki na majina mawili: waliofika na wasiofika.

Ipi utumie? Ikiwa lengo lako ni kulinganisha au kuhusisha, tumia jumla. Ukikata viwango, aliyepata 9 na aliyepata 10 wanawekwa mbali, huku wa 10 na wa 14 wakifanywa sawa. Taarifa hiyo imepotea, na jaribio lako litahitaji watu wengi zaidi ili lione tofauti ileile. Viwango viwekwe kwenye jedwali la maelezo, au pale lengo linapouliza ni wangapi wanaohitaji huduma.

Kuhusu mjadala wa zamani wa kauli za kukubali na kutokubali, msimamo wa mwongozo huu ni huu. Kauli moja ni ngazi ya mpangilio, siku zote. Jumla ya kauli kadhaa zinazopima kitu kimoja inaweza kuchukuliwa kama vipindi sawa ikiwa alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja) imefika takriban 0.70 kwenye data yako mwenyewe, na ukaliandika hilo wazi kwenye sura ya tatu. Wapo wasimamizi wasiokubali. Mwulize wako mapema, na uandike jibu lake.

Onyo lisilo la takwimu. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Anayejibu lolote zaidi ya 0 anahitaji kufikiwa siku hiyohiyo, si baada ya uchambuzi. Kama hojaji yako haina majina na huwezi kumfikia mtu, weka namba za msaada kwenye ukurasa wa mwisho na uieleze kamati mpango wako.

## Hatua ya 4: Andika upya maswali yanayotupa taarifa

Unaweza kushuka ngazi wakati wowote. Huwezi kupanda. Miaka 23 inaweza kuwekwa kwenye fungu la 18–24 baadaye; fungu la 18–24 halitakuambia kamwe kama mtu alikuwa na 18 au 24.

Basi pitia jedwali na ubadilishe:

"Umri wako: 18–24, 25–31, 32 na zaidi" iwe "Una miaka mingapi?" Kwenye Google Forms weka sharti la kukubali namba pekee, na kwenye KoBoToolbox, zana nyingine ya kukusanya data, chagua swali la namba kamili. Bila sharti hilo utapokea "miaka 24", "24yrs" na "ishirini na nne", na safu nzima itasomwa kama maandishi.

"Safari ya kwenda chuoni huchukua muda gani: mfupi, wa kadiri, mrefu" iwe "Jumanne iliyopita ulitumia dakika ngapi kutoka nyumbani hadi chuoni?" Siku moja iliyotajwa hujibiwa kwa usahihi zaidi kuliko "kwa kawaida". Jiji hili halina safari ya kawaida mvua ikinyesha.

Mapato ndiyo pekee yanayostahili kuachwa kwa mafungu. Watu wengi hukataa kutaja shilingi kamili, na swali lililorukwa na theluthi ya wahojiwa ni bovu kuliko fungu. Likiachwa kwa mafungu, jaza "mpangilio" kwenye safu ya nne na usilirudie.

Mwishoni mwa hatua hii kila mstari wa safu ya nne una neno moja. Ukiandika "mpangilio au vipindi", hujamaliza.

## Hatua ya 5: Chagua jaribio

Sasa ni maswali matatu tu: kigeu tegemezi kiko ngazi gani, unalinganisha makundi mangapi (au unahusisha vigeu viwili), na je, watu ni walewale au tofauti?

Kigeu tegemezi ni cha majina. Makundi ya watu tofauti: kai-mraba ya uhusiano. Jedwali la mbili kwa mbili lenye idadi tarajiwa (ile ambayo ingetokea kama vigeu havihusiani) chini ya 5 kwenye seli yoyote: jaribio la Fisher. Watu walewale kabla na baada, wakijibu ndiyo au la: McNemar. Vipimo vitatu au zaidi vya watu walewale: Q ya Cochran. Kama una vigeu huru kadhaa kwa pamoja, tumia regresheni ya lojistiki.

Ni cha mpangilio. Makundi mawili ya watu tofauti: Mann-Whitney. Matatu au zaidi: Kruskal-Wallis. Watu walewale mara mbili: Wilcoxon ya jozi. Mara tatu au zaidi: Friedman. Kuhusisha vigeu viwili: rho ya Spearman, au tau-b ya Kendall kama majibu yanayofanana ni mengi, jambo ambalo hutokea kila mara unapohusisha mafungu matano kwa mafungu matano.

Ni cha vipindi sawa au uwiano. Makundi mawili tofauti: jaribio la t la Welch. Matatu au zaidi: ANOVA ya njia moja. Watu walewale mara mbili: jaribio la t la jozi. Mara tatu au zaidi: ANOVA ya vipimo vya kurudiwa. Kuhusisha: r ya Pearson. Masharti yakivunjika vibaya kwenye hatua ya 8, teremka kwenye mwenzake wa aya iliyotangulia.

Kwenye kuhusisha, kigeu kilicho chini ndicho kinachoamua. Gredi ya KCSE na jumla ya PSS-10 huhusishwa kwa Spearman, kwa kuwa gredi ni mpangilio, hata kama PSS-10 ingeruhusu Pearson.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Programu ya ushauri ya wiki nane, wanafunzi 30, GAD-7 kabla na baada: wengi huandika alama 60 kwenye safu moja na kulinganisha "kundi la kabla" na "kundi la baada". Hiyo inatupa ukweli kwamba Achieng wa kabla ndiye Achieng wa baada, na tofauti halisi hufichwa na tofauti za kawaida kati ya mtu na mtu. Kila mhojiwa apewe namba ya siri inayojirudia kwenye awamu zote mbili, na faili iwe na mstari mmoja kwa mtu mmoja na safu mbili za alama. Bila namba hiyo, jaribio la jozi haliwezekani tena. Jina na namba ya simu visiwe kwenye faili ya uchambuzi; Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inawahusu watafiti pia.

## Hatua ya 6: Kokotoa sampuli kwa jaribio ulilochagua

Fomula ya Yamane imezoeleka sana kwenye tasnifu zetu: watu 400, kosa la 0.05, unapata 200. Kazi yake ni kukadiria asilimia ya watu kwenye jamii nzima. Haijui kama unalinganisha makundi mawili au unahusisha vigeu, kwa hiyo haiwezi kukuhakikishia kwamba tofauti iliyopo itaonekana.

Fungua G*Power, chagua jaribio la hatua ya 5, weka alfa 0.05 (nafasi unayokubali ya kuona tofauti isiyokuwepo) na nguvu 0.80 (nafasi ya kuiona iliyopo). Kwa athari ya kadiri (d, f na r ni vipimo vya ukubwa wa athari) utapata takriban hivi: jaribio la t la makundi mawili tofauti (d = 0.5), watu 64 kwa kila kundi; ANOVA ya makundi matatu (f = 0.25), jumla 159; r ya Pearson ya 0.30, takriban 85. Ukipanga Mann-Whitney au Kruskal-Wallis, ongeza asilimia 15 juu ya namba ya mwenzake anayetumia wastani. Kisha ongeza tena kidogo kwa ajili ya hojaji zitakazorudi nusu.

## Hatua ya 7: Safisha data kwa mpangilio huu

1. Badilisha maandishi kuwa namba. Google Forms hukupa maneno ya jibu, na programu inaweza kuyapanga kwa alfabeti, ambapo "nakubali" hutangulia "sikubali kabisa". Weka mpangilio wewe mwenyewe.
2. Tangaza namba ya jibu lililokosekana. Ukitumia 99 bila kuiambia programu, utakuwa na wanafunzi wenye miaka 99.
3. Geuza maswali yaliyoandikwa kinyume. Kwenye PSS-10 ni la 4, 5, 7 na 8, na kwa alama za 0 hadi 4 alama mpya ni 4 kutoa ya zamani. Kwa 1 hadi 5, ni 6 kutoa ya zamani.
4. Pima alfa ya Cronbach. Ikitoka chini sana au hasi, rudi namba 3 kabla ya kulaumu wahojiwa.
5. Jumlisha, kisha tazama thamani ndogo na kubwa. PHQ-9 isizidi 27, GAD-7 isizidi 21, PSS-10 isizidi 40.
6. Weka ngazi ya kila kigeu kwenye programu, ukinakili kutoka jedwali lako. SPSS haitakukataza kukokotoa wastani wa dini. Alama hiyo ni kumbukumbu kwako zaidi kuliko kizuizi.

Mfuatano una maana. Anayejumlisha kabla ya kugeuza hupata jumla ambazo msongo umefutana na utulivu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza kwenye skrini.

## Hatua ya 8: Kagua masharti

Kwa kai-mraba tazama idadi tarajiwa: zisizofika 5 zisizidi asilimia 20 ya seli, na isiwepo iliyo chini ya 1. Zikizidi, unganisha makundi yenye maana kuunganishwa (madhehebu yenye watu wachache pamoja, kwa mfano) au tumia Fisher.

Kwa majaribio ya wastani, chora histogramu na mchoro wa Q-Q, unaoonyesha kama alama zimetawanyika kwa umbo la kengele. Mtawanyo ukaguliwe ndani ya kila kundi. Wengi huukagua kwa watu wote pamoja, na makundi mawili yaliyo mbalimbali hutoa milima miwili ambayo Shapiro-Wilk, jaribio la umbo hilo, itaikataa bure. Kwa jaribio la jozi, kinachokaguliwa ni tofauti ya kabla na baada, na kwa regresheni ni masalio, yaani tofauti ya alama halisi na iliyotabiriwa.

Shapiro-Wilk yenyewe isiwe hakimu wa pekee. Ukiwa na watu 15 hupitisha karibu kila kitu. Ukiwa na 400 hukataa mikunjo midogo (mchoro kuegemea upande mmoja) isiyodhuru. Makundi yanayokaribiana kwa ukubwa, kila moja likiwa na watu zaidi ya 30 na mkunjo wa kadiri, jaribio la t huyastahimili.

Kuna data ambazo hazitastahimili. PHQ-9 kwa wanafunzi wa kawaida hujaa upande wa sifuri, na mkia mrefu kulia. Dakika za safari ndivyo zilivyo pia: wa hosteli ana 5, wa Kitengela ana 120. Hapo Mann-Whitney au Spearman ni salama zaidi. Usiwafute walio mbali ili mchoro upendeze. Dakika 120 si kosa la kuandika.

## Hatua ya 9: Endesha, soma, ripoti

Tuchukue swali: je, wanawake na wanaume wanatofautiana katika kumwona mshauri wa chuo? Vigeu vyote viwili ni vya majina, watu ni tofauti, kwa hiyo ni kai-mraba.

Wanawake 40: waliomwona 22, wasiomwona 18. Wanaume 40: waliomwona 12, wasiomwona 28. Jumla ya waliomwona ni 34, wasiomwona 46. Idadi tarajiwa ya wanawake waliomwona ni 40 × 34 ÷ 80 = 17, na wasiomwona ni 23; kwa wanaume ni vivyo hivyo. Kila seli imekosea kwa 5. Basi 25 ÷ 17 mara mbili ni 2.94, na 25 ÷ 23 mara mbili ni 2.17. Jumla ni 5.12. Digrii za uhuru ni (2 − 1) × (2 − 1) = 1, na mpaka wa 0.05 ni 3.84. Tumeuvuka.

Ripoti yake: "Wanawake 22 kati ya 40 (asilimia 55) na wanaume 12 kati ya 40 (asilimia 30) waliwahi kumwona mshauri, χ²(1, N = 80) = 5.12, p = .024, V = .25." Asilimia zinatangulia kwa sababu ndizo msomaji anazozielewa. Herufi p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama kweli hakuna tofauti. V ya Cramér ni ukubwa wa athari, na bila hiyo hakuna anayejua kama tofauti ni ya kutajwa. Kwenye majaribio ya t weka d, kwenye Mann-Whitney weka r.

Kwa jedwali la mbili kwa mbili SPSS hutoa pia mstari wenye marekebisho ya Yates, yanayopunguza kidogo kai-mraba ya jedwali dogo, ambao hapa ungesoma 4.14 na p = .042. Amua mapema utaripoti upi. Kuchagua baada ya kuona ule unaopendeza ni udanganyifu, hata kama ni mdogo.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye matokeo mengine:

Ukiona ".000" kwenye safu ya p, andika p < .001. Programu imekata desimali. Uwezekano haujawa sifuri.

ANOVA au Kruskal-Wallis ikionyesha tofauti, bado hujui ni makundi yapi. Yalinganishe mawili mawili: baada ya ANOVA tumia Tukey, au Games-Howell kama mitawanyo hailingani. Baada ya Kruskal-Wallis, JASP na SPSS hutoa Dunn, na jamovi hutoa Dwass-Steel-Critchlow-Fligner. Kuendesha Mann-Whitney tatu mkononi kwa 0.05 kila moja kunaongeza nafasi ya kukosea. Ukilazimika, gawanya 0.05 kwa 3 uwe na mpaka wa .017.

Mann-Whitney hailinganishi thamani za kati isipokuwa maumbo ya mitawanyo miwili yanafanana. Yasipofanana, andika kwamba kundi moja lina mwelekeo wa alama za juu zaidi, na uishie hapo.

Hifadhi amri zako: faili ya sintaksia kwenye SPSS, faili ya .omv kwenye jamovi, faili ya .jasp kwenye JASP. Jedwali la vigeu libandike kama kiambatisho, na safu ya nne ilingane na kila jaribio la sura ya nne. Jopo likiuliza "kwa nini Spearman?", mwoneshe mstari husika na swali lilivyosomeka kwenye hojaji.